Maneno Kumi na Mawili Kwanza, Shilingi Baadaye

Kibanda changu cha uwakala kiko Makanyagio, Mpanda mjini. Ukikaa dirishani miaka kadhaa unamjua mteja kabla hajasema shida yake. Aliyeuza mpunga Majimoto huja na noti zilizofungwa kwa mpira. Mchimbaji wa Ibindi huja na vumbi mpaka kwenye kope. Mkulima wa tumbaku humwoni mwaka mzima, halafu wiki ya malipo anakuja mara tatu kwa siku.

Kijana mmoja wa machimboni alinisukumia laki tatu. "Dada, niwekee, halafu nisaidie kutuma kwa huyu." Namba ilikuwa ya mtu binafsi, laini ya kawaida. Nikamuuliza huyu ni nani. "Meneja wangu wa bitcoin." Nikamuuliza pochi yako iko wapi. Akafungua kundi la WhatsApp akanionyesha picha ya jedwali: weka laki tatu, baada ya siku saba chukua laki tano na nusu, ukileta watu wawili, bonasi juu yake. Nikamwambia, mdogo wangu, mimi hapo sioni bitcoin, naona jedwali. Akanitazama kama mtu anayeonewa wivu, akachukua hela zake, akavuka barabara kwenda kibanda cha pili.

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya yule ambaye bado hajavuka barabara. Sikushawishi ununue. Nitakuonyesha jinsi pochi ya kidijitali inavyofunguliwa, jinsi sarafu inavyonunuliwa na jinsi ya kurudi kwenye shilingi, na ukifika katikati ukaamua kuishia hapo, kitakachokuwa kimekutoka ni bando tu.

Lile jedwali tulimalize kwanza. Waliokuwa watu wazima mwaka 2009 wanaikumbuka DECI: watu walikuwa "wanapanda mbegu" na kusubiri kuvuna, na waliowahi kweli walivuna, kwa mbegu za waliochelewa, mpaka serikali ilipoisimamisha. Mwaka 2025 ikawa zamu ya LBL, safari hii kwa simu na matangazo ya video, na polisi wakawa wanakamata watu mikoani. Mavazi hubadilika: jana mbegu, leo matangazo ya video, kesho "bitcoin". Anayenunua sarafu kwelikweli hana meneja, haahidiwi faida ya wiki, faida yake haitegemei kuleta jirani yake. Ukisikia kimojawapo kati ya hivyo vitatu, weka simu mfukoni.

Sheria imesemaje

Novemba 2019 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa taarifa kwa umma kwamba sarafu za mtandaoni si fedha halali nchini, na kwamba kuzifanyia biashara kunakwenda kinyume na kanuni za fedha za kigeni. Juni 2021, akiwa Mwanza kufungua jengo la Benki Kuu, Rais Samia Suluhu Hassan aliitaka benki hiyo ijiandae na mabadiliko haya yasije yakaikuta haiko tayari. Kisha Sheria ya Fedha ya mwaka 2024 ikaleta kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya mauzo ya mali za kidijitali, inayokatwa na mwenye jukwaa la kubadilishana. Kwa hiyo onyo lipo na kodi ipo. Ukiniuliza mimi, hiyo ni njia yenye kibao cha hatari mbele na geti la ushuru nyuma yake. Unayepita, jua kuwa unapita kwa miguu yako.

Kwa lugha ya dirishani: muuza duka wa Soko Kuu halazimiki kuipokea, wala usijaribu kulipia bidhaa kwa sarafu hizi, maana tangu Machi 2025 kanuni zinataka bei za ndani zitajwe na zilipwe kwa shilingi. Ukitapeliwa, Benki Kuu haina mfuko wa kukufidia. Kabla ya kuingiza hela soma taarifa za karibuni za Benki Kuu na za TRA, kwa sababu eneo hili linabadilika bajeti hadi bajeti.

Daftari na ufunguo

Watu hudhani sarafu inakaa ndani ya simu kama salio. Haikai humo.

Fikiria daftari la chama cha msingi cha tumbaku. Katibu anaandika: fulani ameleta mzigo wa kilo kadhaa, fulani amekatwa mkopo wa mbolea. Hela yako ni ule mstari ulioandikwa, na kila mwanachama anajua maumivu ya mstari uliokosewa. Sasa chukua daftari hilo, mwondoe katibu, toa nakala maelfu kwa maelfu dunia nzima, na kila baada ya dakika kumi hivi nakala zote ziongezwe ukurasa mmoja unaofanana. Hiyo ndiyo bitcoin. Ilianza Januari 2009 kwa mkono wa mtu au watu waliojiita Satoshi Nakamoto, na kanuni yake inasema hazitazidi milioni 21.

Pochi ni kalamu ya kusaini kwenye daftari hilo. Inakupa vitu viwili: anwani, ambayo unampa anayetaka kukutumia, na ufunguo wa siri, ambao ndio sahihi yako. Mwenye ufunguo ndiye mwenye mali, bila kuuliza ni nani. Kwenye M-Pesa ukisahau namba ya siri unapiga huduma kwa wateja, unataja namba ya NIDA, unahojiwa kidogo, unarudishiwa. Ukikosea kutuma, ukiwahi, kuna uwezekano wa kuomba muamala urudishwe. Huku hakuna dawati la huduma wala "naomba mnirudishie". Wengi wanaopoteza hela huku hawapotezi kwa sababu bei imeshuka. Wanapoteza kwa sababu walidhani kuna mtu wa kumpigia.

Simu

Iwe simu janja, na iwe yako. Najua nyumba nyingi zenye simu janja moja ya watu watatu: baba anaangalia mpira, mtoto anacheza gemu, shemeji anaazima "dakika mbili tu". Pochi haikai kwenye simu ya aina hiyo. Weka kifungio cha skrini, sasisha mfumo wa simu, futa programu za mikopo na za kubeti ulizopakua kutoka kwenye viungo vya WhatsApp. Piga *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa NIDA yako. Ukikuta usiyoijua, nenda duka la mtandao husika ikafungwe kabla ya jambo jingine lolote. Mwizi anayeweza kuhamisha laini yako ndiye atakayepokea ujumbe wa kubadilisha nywila zako.

Mafundi simu nawapenda, wawili ni wateja wangu, lakini usimwachie fundi simu yenye pochi huku umemtajia mchoro wa kufungulia. Kioo kikipasuka, hamisha kwanza kilichomo.

Kuna pia mambo ya kwetu. Mkoa huu umeishi miaka mingi kwa umeme wa majenereta, na tunajua taa zinavyoaga bila kwaheri. Utakapofika hatua ya kununua utapewa muda wa kukamilisha, aghalabu dakika kumi na tano. Simu iwe imejaa, bando liwepo, na laini yenye hela isiwe kwenye kiswaswadu ulichokiacha nyumbani.

Maneno kumi na mawili

Kwa anayeanza na bitcoin peke yake, BlueWallet inatosha: ni ya bure, haina mapambo mengi. Ingia Play Store kwa kuandika jina mwenyewe, usibonyeze kiungo ulichotumiwa. Soma jina la mtengenezaji, angalia imepakuliwa mara ngapi. Pochi bandia huwa na nembo ileile na jina lililoongezwa herufi moja.

Ukichagua kuunda pochi mpya utaona haikuombi NIDA, haikuombi namba ya simu, haikuombi hata jina. Wengi hushtuka hapo na kudhani ni utapeli. Haikuombi kwa sababu upande wa pili hakuna mtu. Itakachofanya ni kukuonyesha maneno kumi na mawili ya Kiingereza, kwa mpangilio. Maneno hayo ndiyo ufunguo wenyewe. Simu ikizama Mto Katuma, ikiibiwa stendi, ikiungua, unanunua nyingine, unaandika maneno yale kwa mpangilio uleule, na kila kitu kinarudi. Na mtu mwingine yeyote akiyaandika kwenye simu yake, akiwa Dodoma au Dubai, kila kitu kinakwenda kwake.

Yanatoka kwenye orodha moja maalumu ya maneno 2,048, linaloanza ni abandon na linalomaliza ni zoo. Kiswahili hakina orodha yake bado, jambo linaloniudhi kila nikilikumbuka, kwa hiyo mama asiyesoma Kiingereza atanakili herufi kama anachora. Simba, tembo, twiga na pundamilia wamo kwenye orodha hiyo. Kiboko, ambaye kwenye hifadhi yetu ya Katavi hujazana kiangazi mpaka dimbwi halionekani, hayumo. Kitu kimoja kimefanywa kwa akili: herufi nne za mwanzo za kila neno hazifanani na za neno jingine lolote humo. Ukiwa na mwandiko mbaya, hakikisha herufi nne za kwanza zinasomeka, na andika namba ya neno pembeni, 1 mpaka 12.

Andika kwa kalamu kwenye karatasi mbili. Usipige picha, kwa sababu simu nyingi hupandisha picha zako kwenye akaunti ya Google bila kukuuliza tena. Usijitumie WhatsApp. Usiende stationery kutoa kopi au kuweka plastiki. Mashine zile hukumbuka, na kijana wa stationery naye hukumbuka. Karatasi moja ikae unapolala, nyingine ikae nyumba tofauti kabisa. Na usiizike ardhini ikiwa tupu. Mchwa wa huku wamekula vyeti vya ndoa, watashindwa na karatasi ya daftari? Iweke ndani ya chupa ya kioo yenye kifuniko kigumu. Wenye kiasi kikubwa hupigilia herufi kwa msumari kwenye kipande cha bati, na si wazo baya.

Sasa zoezi ambalo karibu kila mwongozo hulipita, na ndilo ninalolisisitiza kwa kila anayekuja kuniuliza. Pochi ikiwa bado tupu, bonyeza sehemu ya kupokea, nakili kwenye karatasi anwani utakayoiona. Itaanza na bc1. Halafu futa programu kwenye simu. Ndiyo, ifute. Ipakue upya, chagua kurejesha pochi, andika maneno yako kumi na mawili kutoka kwenye karatasi. Ikija anwani ileile, karatasi yako ni nzima. Ikija nyingine, au ikikataa, kuna neno umekosea, na umelijua siku ambayo halikugharimu kitu. Mwalimu mmoja wa sekondari alikosea neno moja, aliandika form mahali palipokuwa na forum. Angeweka mshahara pale ndipo agundue.

Na tangu siku hiyo, yeyote atakayekuomba maneno hayo ni mwizi: awe "huduma kwa wateja", awe tovuti nzuri, awe mchumba. Hapa sina neno la kulainisha.

Sokoni

Pochi haiuzi sarafu. Za kununua ziko kwenye masoko ya mtandaoni. Binance, lililo kubwa kuliko yote, lina sehemu ya mtu kwa mtu ambayo watu hununua kwa shilingi za Tanzania kupitia simu au benki. Kuwa kubwa hakulifanyi kuwa benki. Mwanzilishi wake, Changpeng Zhao, alikiri kosa mahakamani Marekani Novemba 2023 kwa kutosimamia ipasavyo udhibiti wa fedha haramu, na kampuni ikakubali kulipa zaidi ya dola bilioni 4. Mwaka mmoja kabla, soko jingine kubwa, FTX, lilifilisika ndani ya siku chache huku hela za wateja zikiwa ndani. Ndiyo maana tulianza na pochi: sokoni ni mahali pa kununua na kuondoka. Hakuna anayelala na gunia lake sokoni.

Huku watakutaka kitambulisho na picha ya uso. Wapo wengi mkoani wenye namba ya NIDA bila kadi. Wengine hutumia pasipoti au leseni ya udereva, na asiye na chochote anasubiri. Usinunue akaunti iliyothibitishwa kwa jina la mtu mwingine, hata kama "ni ya binamu". Siku hela ikikwama humo, uso utakaotakiwa ni wa binamu. Nywila iwe mpya, usiyoitumia kwingine, na uthibitisho wa hatua ya pili uwe wa programu kama Google Authenticator badala ya ujumbe wa simu.

Ununuzi wenyewe uko hivi. Muuzaji anatangaza sarafu yake kwa bei fulani. Ukibonyeza kununua, soko linaishika sarafu yake, hawezi kukimbia nayo. Unapewa jina na namba ya kulipia. Unatoka kwenye programu, unapiga *150*00# au menyu ya mtandao wako, unaingiza namba na kiasi, na kabla ya namba ya siri simu inakuonyesha jina la mpokeaji. Simama hapo. Soma jina hilo, lilinganishe na jina la muuzaji kwenye soko. Yakitofautiana, usiendelee, hata akikuandikia kwamba laini ni ya mke wake. Yakilingana, lipa, rudi, bonyeza kwamba umelipa, subiri aachie. Ukiwa umeshalipa usibonyeze kughairi kwa ombi lolote, maana ukighairi soko linamrudishia sarafu yake, na hela yako anayo. Mazungumzo yote yabaki ndani ya soko. Anayekuvuta WhatsApp anataka shahidi asiwepo.

Chagua muuzaji aliyekamilisha miamala mingi, na usitafute bei ya chini kuliko wote. Sisi tuliozaliwa kwenye ujumbe wa "ile hela itume kwenye namba hii" tunapaswa kuwa wanafunzi wazuri wa somo hili.

Sasa hesabu, kwa namba za mfano. Chukua dola moja kwa shilingi 2,500 na bitcoin moja kwa dola 100,000. Hiyo ni shilingi milioni 250, na mtu husikia hivyo akakata tamaa. Lakini bitcoin moja hugawanywa vipande milioni 100, kila kimoja huitwa satoshi. Elfu ishirini ni dola 8, ni satoshi 8,000. Unaweza kuanza na hapo.

Tatizo la elfu ishirini liko kwenye makato. Muuzaji hatakuuzia dola kwa 2,500, atasema 2,600, na utapata dola 7.69. Ukigeuka dakika hiyohiyo kuuza, mnunuzi atakupa 2,450 kwa dola, utarudi na shilingi 18,846. Zaidi ya elfu moja imeondoka na bei haijasogea hata senti, na hujahesabu makato ya kutuma na ya kutolea kwangu dirishani. Anayeingia asubuhi na kutoka jioni analisha wengine.

Na bei yenyewe inasogea. Novemba 2021 bitcoin ilifika karibu dola 69,000. Mwaka mmoja baadaye ilikuwa karibu dola 16,000. Laki moja iliyoingia kileleni ilikuwa imebaki elfu ishirini na tatu. Waliokaa walikuja kuona zaidi ya dola 100,000 Desemba 2024, lakini waliokuwa wameweka hela ya mbolea hawakuweza kukaa, kwa sababu Novemba mvua haisubiri soko. Kwangu kipimo ni hiki: kiasi ambacho ukikipoteza chote, nyumbani hakuna atakayegundua kwa kuangalia sahani.

Wakulima wa tumbaku hupenda zaidi USDT, sarafu inayofuata dola, na siwashangai; wamezoea miaka mingi bei ya kilo kutajwa kwa dola. Haipandi wala haishuki kama bitcoin. Ila ina mwenyewe, kampuni ya Tether, na kampuni hiyo inaweza kuzuia anwani ikiamua. Tena USDT haikai BlueWallet. Inataka pochi ya sarafu nyingi kama Trust Wallet, na ni kwenye USDT hiyohiyo ndipo mimi nilipoungulia.

Kuhamisha

Mwaka wangu wa kwanza nilihamisha USDT 18 kutoka soko moja kwenda jingine. Anwani niliinakili sawasawa. Kisha nikaulizwa itumwe kwa mtandao upi, nikaona mmoja una ada ndogo kuliko mwenzake, nikauchagua, kama mtu anayechagua basi la nauli nafuu bila kuuliza linakwenda wapi. Anwani za mitandao ile miwili zinafanana, zote zinaanza na 0x, kwa hiyo hakuna kilicholalamika. Soko lililopokea halikuwa likipokea sarafu hiyo kwa mtandao ule. Mpaka leo nikifungua daftari la umma naziona dola zangu 18 zimekaa pale, safi, hazina wa kuzigusa. Niliandika barua pepe nne. Nikajibiwa moja.

Kwa hiyo: USDT moja hupita barabara kadhaa. Anwani ya mtandao wa Tron huanza na T. Za Ethereum na za BNB huanza na 0x. Kinachotuma na kinachopokea vitaje mtandao mmoja kwa jina lilelile. Bitcoin ni rahisi zaidi kwa anayeanza, anwani yake haichanganyiki na hizo.

Anwani usiiandike kwa mkono. Nakili, bandika, halafu ilinganishe. Kuna virusi vya simu vinavyobadilisha anwani katikati ya kunakili na kubandika, na kuna wezi wanaokutumia senti kutoka kwenye anwani inayofanana na yako mwanzo na mwisho, wakitumaini kesho utainakili ya kwao kutoka kwenye orodha ya miamala. Basi soma na herufi za katikati. Tuma kidogo kwanza, subiri ukione kimefika, ndipo utume kilichobaki. Kwa bitcoin, dakika kumi ni za kawaida na saa nzima si ajabu.

Angalia ada ya kutoa kabla ya kubonyeza. Masoko mengi hukata kiasi kilekile uwe unatoa elfu ishirini au milioni mbili, na mtandao ukijaa ada hupaa. Kwa kiasi kidogo sana mimi husubiri nikusanye, kisha natoa mara moja. Ni kucheza na hatari ya soko kufungwa, najua, lakini kumlipa mbeba mzigo robo ya mzigo nako si akili.

Kurudi kwenye shilingi

Kuuza ni njia ileile kwa kurudi nyuma, na hapa uwakala umenifundisha kuliko kitabu. Mnunuzi atasema ameshalipa. Utaona ujumbe: "Imethibitishwa", kiasi, jina, salio jipya. Ujumbe wa bandia huandikwa vizuri kuliko wa kweli. Wateja wangu wamenionyesha uliotoka kwenye namba ya kawaida ya tarakimu kumi, wakaniambia mtandao unasumbua ndiyo maana salio halijabadilika. Usiangalie ujumbe. Ingia kwenye menyu, uliza salio, lione limeongezeka, lione limetoka kwa jina lilelile lililoko sokoni. Ndipo uachie sarafu. Akikupigia anafoka kwamba ana mgonjwa, mwache afoke. Muda wa soko unahesabu kwa wote wawili, na kuna kitufe cha kulalamika.

Hela ikija kutoka jina jingine, usiipokee kama malipo; lalamika sokoni, irudishwe ilikotoka. Inaweza kuwa ya mtu aliyetapeliwa Tabora asubuhi hiyo, na polisi wakifuata nyayo watakuta laini yenye NIDA yako. Namba ya tapeli itume kwenda 15040, ni huduma ya TCRA.

Kila ukinunua au kuuza, andika kwenye daftari la kawaida la shule: tarehe, kiasi, bei, jina, ada. TRA wakiuliza una la kuonyesha, na wewe mwenyewe utajua kama unapata au unajidanganya. Kurasa zangu tatu za kwanza zinaonyesha nilikuwa najidanganya.

Karatasi ya pili

Limebaki la kumwambia mtu. Ukifa bila kusema, sarafu zako zitabaki kwenye daftari la dunia kama zile dola zangu 18. Ukisema sana, utaibiwa ungali hai. Mimi karatasi yangu ya pili iko Inyonga kwa mama, ndani ya chupa ya kahawa, nyuma ya mitungi. Mama anajua ni ya nani na asimpe mtu. Mdogo wangu wa kike anajua ni ya nini, lakini hajui iko wapi. Wakikutana msibani watapata kila kitu.

Kila nikienda huifungua nikaikagua. Safari iliyopita wino ulikuwa umefifia kwenye neno la saba. Nikalipitia tena kwa kalamu nyeusi, herufi nne za kwanza nikaziandika kubwa, nikakaza kifuniko.